Nani Kaitia?

Shangazi Kwandu ameacha sukari ya chai
tangu siku ile aliposhuka kilima cha Bugando
na karatasi ya vipimo imekunjwa mara nne
kwenye pindo la kitenge.
Soda kaiaga. Maandazi kayaaga.
Chai anainywa chungu, jicho kalifumba,
kama mtu anayelipa deni la marehemu.

Lakini jioni, hapa Mabatini,
ambako nyumba zimeatamia mawe kama kuku mayai,
anabandua vikombe viwili vya mtindi wa pinki,
kijiko kinagonga mpaka chini.
"Hii si sukari," husema. "Haya ni maziwa.
Lugiko kaniletea. Tazama, yamechorwa tunda."

Maziwa gani haya, shangazi,
yenye rangi ya kucha za bibi harusi?

Nikavaa miwani. Maandishi madogo kama mayai ya chawa:
*maziwa, sukari, wanga, rangi, harufu ya stroberi.*
Ni foleni hiyo: aliyetangulia ndiye aliyejaa zaidi.
Sukari kasimama wa pili, kifua mbele.
Tunda lenyewe halikuhudhuria,
limetuma harufu iliwakilishe.
Na chini: *sukari, gramu thelathini.*

Nikachukua kikombe kingine dukani kwangu,
robo lita vilevile, cheupe, hakina mchoro.
*Maziwa na kimea cha mtindi.* Basi.
Na chini: *sukari, gramu kumi na mbili.*

Shangazi akaruka kwenye kigoda.
"Ehe! Na humu je? Nani kaitia?"
"Ng'ombe."
"Ng'ombe wa wapi anayekwenda dukani?"

Ng'ombe wa Kisesa, shangazi,
anayetafuna majani makavu ya Septemba
na bado akatoa utamu,
ule mdogo, wa nyuma ya ulimi,
ulioujua kabla hujaota jino.
Ndio wanaoula vijidudu kwenye kibuyu
usiku kucha, gizani, ndani ya harufu ya moshi,
nao wakishiba wanatuachia uchachu.
Mtindi ukikukunja uso
jua kuna utamu umeliwa kabla yako.
Hata huo una hesabu yake, usinywe jagi.
Ila huo umezaliwa humo. Mwingine umehamia.

Thelathini toa kumi na mbili.
Sikutaka kumwambia kwa mdomo.
Nikaleta sinia, nikachota:
kijiko, kijiko, kijiko, kijiko, na nusu.
Vilima vidogo vyeupe juu ya bati.
"Hiki ni kikombe kimoja," nikasema,
nikachota tena, vya kikombe cha pili.

Sisimizi walifika kabla hajasema neno.

"Tisa," akasema mwishowe.
"Na chai nimeinywa chungu miezi minne."
Akacheka, akacheka mpaka akajifuta macho,
na sikujua ni kicheko kipi kilichomwagika pale.

Nami nilikuwa nimesimama na kijiko changu
mbele ya ndoo yangu ya lita ishirini.
Hiyo haina karatasi wala maandishi madogo.
Kila alfajiri, Masunga akishaning'inia breki za baiskeli
na madumu ya maziwa kufika salama,
mgando ukishakaza wa juzi,
namimina kilo moja na nusu, nakoroga,
watoto wa shule wanasema, "Mtindi wa mama Limi mtamu!"
nami naitikia, "Ng'ombe wa Kisesa, wanangu."

Ng'ombe wa Kisesa! Nimemsingizia mnyama.

Leo ndoo imeamka chachu.
Sukari nimeiweka kando, kwenye bakuli lenye kifuniko,
na kijiko kimoja kimefungwa kwa uzi.
Anayetaka atie mwenyewe,
mkono wake auone.
Wateja wawili wamenuna, wakavuka barabara.
Shangazi kaja na kikombe chake cha bati,
kanywa, uso ukakunjamana wote,
akanyoosha mkono:
"Ongeza. Huyu ng'ombe namfahamu."